ZAMU YA USIKU, SEHEMU YA 9: SHANGAZI WA UONGO

Leo sina somo la chanjo wala la kunyonyesha. Juzi nilitoka zamu ya usiku, usingizi ukagoma, nikawasha filamu ya zamani, Charley's Aunt ya mwaka 1941, ile aliyoigiza Jack Benny. Imetokana na mchezo wa jukwaani wa Mwingereza Brandon Thomas, wa mwaka 1892. Kule London ulichezwa mara 1,466 mfululizo!

Vijana wawili wa Oxford wanataka kuwachumbia wasichana. Enzi hizo binti hakai na wavulana bila mtu mzima. Wanamtegemea shangazi yake Charley, mjane tajiri kutoka Brazil. Shangazi anachelewa, basi wanamvalisha mwenzao gauni: wewe ndiye shangazi. Uongo wa mchana mmoja tu. Kumbe wazee wawili wanasikia habari ya ule utajiri, wanaanza kumtongoza! Kila anayeingia mlangoni anafanya uongo uongezwe. Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Ila katikati ya kicheko nikamkumbuka mama mmoja (nimebadilisha mambo madogo asijulikane). Saa nane usiku, mtoto wa miezi mitano, amelegea, anasinzia kupita kiasi. Nikauliza: umempa dawa gani? Hakuna. Kitu chochote nyumbani? Hakuna. Mama mkwe akadakia: ananyonya tu huyu. Daktari akaandika vipimo, tukahangaika, muda unakwenda.

Baadaye nikamwita yule mama pembeni, nikakaa naye kwenye benchi. Nikamwambia, "Dada, sitakugombeza. Niambie tu." Akaanza kulia. Bibi alimpa mtoto dawa ya mafua ya watu wazima ili alale. Mama alishakataa mapokezini, akakataa kwangu, akakataa kwa daktari. Akaona kurudi nyuma ni aibu.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi sikulala vizuri siku ile, kwa sababu kosa lilikuwa langu pia. Nilimuuliza nimesimama, kwa sauti ya juu, mbele ya mkwe wake. Angejibu nini?

Kwenye ile filamu shangazi wa kweli anafika, anakuta mwanamume anatumia jina lake. Hapigi kelele. Anajitambulisha kwa jina jingine, anakaa, anatazama. Mwishowe kijana mwenyewe anavua uongo wake mbele ya watu. Nikasema, yule mama angefaa kuwa nesi.

Kwa hiyo mama zangu, mkifika hospitali semeni vitu vitatu: mtoto kapewa nini, kiasi gani, saa ngapi. Iwe ya dukani, iwe ya mitishamba. Chupa au pakiti njoo nayo. Kama huwezi kusema mbele ya uliyekuja naye, sema hivi: "Nesi, naomba tuongee pembeni." Tutaelewa. Na kama ulishakataa mara tatu, ya nne sema ukweli, bado hujachelewa.

Manesi wenzangu, na sisi tushushe sauti.

Uongo wa kwenye mchezo unaishia kwenye kicheko. Wa wodini anaulipia mtoto.

Tukutane sehemu ya 10. Busu kwa watoto.