Kitanda cha harusi chanipeleka Keko

Wewe unayejiandaa kuoa, hebu nisikilize. Mwaka juzi nilipigwa changa la macho. Niliuziwa dukani kitanda cha "mninga" kinachong'aa kama kioo. Miezi sita haijaisha, kila asubuhi nakuta unga mweupe uvunguni. Bungua! Kumbe mbao laini iliyopakwa rangi.

Safari hii, harusi ikiwa imebaki mwezi mmoja, nikasema naenda mwenyewe Keko, Dar es Salaam, kule kwa mafundi. Ukishuka tu kwenye basi unajua umefika: misumeno inalia, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, makabati na vitanda vimepangwa barabarani utadhani vinasubiri abiria.

Nikaangukia kwa mzee mmoja. Nikamwamkia, nikamweleza yaliyonikuta.

"Mwanangu, usitazame vanishi. Geuza, tazama chini," akaniambia.

Akapitisha randa kwenye ubao wa mninga, ikatokea rangi ya kahawia yenye mistari kama dhahabu. Nami nikapiga chafya tatu mfululizo. Mzee akacheka, eti vumbi la mninga ndivyo lilivyo, halina adabu. Mti wenyewe ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mafundi wanaupenda kwa kuwa hausumbui randa, na ukishakauka haujikunji ovyo. Ila ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome, bwana, bungua wanaila kama ugali. Kiini ndicho kinachowashinda.

Mkongo je? Mgumu, unamaliza makali ya patasi, lakini mlango wake unavumilia mvua na mchwa. Wenye vituko ni mvule. Ndani yake unaweza kukuta jiwe, jiwe kweli siyo utani, linalotokana na madini yaliyomo kwenye maji ya mti wenyewe. Akanionyesha msumeno wake, meno mawili hayapo.

Kisha akachukua kipande cha mpingo, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Dubwi! Kikazama. Mimi na shule yangu yote nilidhani kila mti unaelea.

Tukafika kwenye bei. Hela yangu ilitosha kitanda cha futi tano kwa sita chenye mbao za ule weupe, au cha futi nne kwa sita cha kiini kitupu. Mzee hakusema neno, akaendelea kupiga msasa.

Nikatoa advansi ya futi nne. Mchumba wangu bado sijamwambia.