Bure ni kitu kimoja, huria ni kingine

Kila nikitaja zana ninazotumia kutengeneza tovuti, swali la kwanza huwa lile lile: "Ni za bure?" Ndiyo, ni za bure. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Leo nataka kuzungumzia nusu ya pili.

Kwa Kiingereza neno moja hubeba maana mbili: kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, amekuwa akieleza tofauti hiyo kwa mfano wa uhuru wa kusema na bia ya bure. Mswahili hahitaji mfano wa bia. Tuna "bure" na tuna "huria". Soko huria si soko la kugawa vitu bure, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania wanalipa karo kama kawaida.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu mambo manne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua uone inavyofanya kazi na kuibadili, kumpa mwenzako nakala, na kugawa hata ile uliyoibadili. Bei haimo katika hayo manne.

Sasa, hilo linamhusu nini mtengeneza tovuti wa Nairobi au Kisumu? Linamhusu kwa sababu programu hufa.

Microsoft waliachana na FrontPage mwaka 2006. Adobe walisimamisha uendelezaji wa Fireworks mwaka 2013. Mwaka 2018 wakatangaza mwisho wa Muse, na msaada wake ukakoma Machi 2020. Watu waliokuwa wamejifunza programu hizo kwa miaka walibaki na njia mbili: kung'ang'ania nakala ya zamani au kuanza upya na kitu kingine. Hakuna aliyeweza kusema "nipeni niendeleze mimi", kwa sababu msimbo wake umefungiwa ndani ya kampuni.

Linganisha na yaliyoipata b2. Hii ilikuwa programu ndogo ya kuendeshea blogu, iliyoandikwa na Mfaransa Michel Valdrighi. Ikafika wakati akaacha kuishughulikia. Januari 2003 kijana wa miaka 19 huko Houston, Matt Mullenweg, aliandika kwamba leseni ya GPL inamruhusu kuichukua b2 na kuiendeleza. Mike Little, Mwingereza, akamjibu kwamba yuko tayari kushirikiana naye. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza la WordPress. Kwa hesabu za W3Techs za mwaka 2024, WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Yote hayo yalitokana na programu ambayo mwenyewe alishaiacha!

Si hiyo peke yake. Mwaka 2003 watu wanne waliokuwa wakichangia Sodipodi, programu ya kuchorea, hawakukubaliana na mwelekeo wake. Wakachukua msimbo wakaanzisha Inkscape, ambayo mpaka leo iko hai. GitHub walipoifunga Atom, programu ya kuandikia msimbo, Desemba 2022, watumiaji wake waliiendeleza kwa jina la Pulsar.

Niwape mfano wa karibu. Mteja wangu mmoja wa Machakos, mama anayeuza vyondo, alikuja na tovuti aliyotengenezewa na fundi ambaye siku hizi hapatikani kwa simu. Alitaka kubadilisha bei na kuongeza picha tu. Faili za kazi zilikuwa katika fomati inayofunguka kwa programu moja tu ya kulipia, nayo haiuzwi tena. Nikamweleza kwamba kurasa zilizoko hewani naweza kuzinakili, lakini itabidi nizijenge upya. Akaniangalia, akaniuliza: "Kwani kijana wangu, si nililipa? Hii tovuti si yangu?"

Ni swali zuri kuliko lile la bei. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Tovuti yake mpya ni HTML na CSS za kawaida, michoro iko katika SVG, picha ni JPEG. Kesho akigombana na mimi, fundi yeyote anaweza kuendelea pale nilipoachia.

Haya, zana zenyewe:

Kwa picha, GIMP. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley mwaka 1995, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025.

Kwa nembo na michoro, Inkscape. Inahifadhi kazi katika SVG, ambayo kivinjari chochote cha kisasa kinaisoma moja kwa moja.

Kwa kuandika msimbo, Notepad++ kama uko kwenye Windows. Kama unapenda VS Code, fahamu kwamba msimbo wake ni huria lakini nakala inayotolewa na Microsoft ina leseni yao wenyewe. VSCodium ni programu ile ile iliyojengwa kutokana na msimbo huo huria.

Kwa kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako kabla ya kuiweka hewani, XAMPP: ndani yake kuna Apache, MariaDB na PHP. Kwa kupeleka faili kwenye seva, FileZilla.

Sitawadanganya. Anayetoka Photoshop ataona GIMP ina njia zake, na wiki za kwanza atanung'unika. Jina la tovuti na nafasi kwenye seva utalipia. Muda wako pia ni pesa.

Lakini usichague zana kwa bei peke yake. Kuna huduma nyingi za bure ambazo si huria hata kidogo, na siku zikifungwa, kazi yako inafungwa nazo. Kabla ya kumkabidhi mteja tovuti, jiulize: nikipotea mimi, na programu hii ikafa, ataweza kuendelea? Kama jibu ni hapana, basi hujamuuzia tovuti. Umemkodisha.