Mdogo wangu anakwenda kulima Ulaya

Wadau, kwetu ni furaha tupu! Mdogo wangu, anayesoma kilimo cha bustani pale SUA, Morogoro, kapata nafasi ya mafunzo kwa vitendo Uholanzi. Mama kaguna: "Yaani apande ndege kwenda kushika jembe?" Nikamwambia, mama, nchi ile ni ndogo kuliko mkoa wa Morogoro, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya pili duniani, nyuma ya Marekani, kwa thamani ya bidhaa za kilimo ilizouza nje. Nyanya wanazilima ndani ya nyumba za vioo. Mama akanyamaza, kisha akauliza lile ninaloliogopa hata mimi: "Akirudi, atalima wapi?" Wadau, hatuna hata robo eka. Mwenye jibu anisaidie.