Barua kutoka Yakobi: Kompyuta ya Shemeji

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Safari ya basi kutoka Dar ilipita Mikumi, mlima Kitonga, Iringa na misitu ya misonobari ya Sao Hill, hadi Makambako, njia panda ambapo barabara ya Mbeya inanyoosha na ya Songea inakata kushoto. Hapo nilivaa sweta na sijalivua hadi leo. Yakobi ni kata ya Mji wa Njombe, ila hilo neno "mji" lisikudanganye: huku ni mashamba ya viazi, miparachichi na mianzi inayogemwa ulanzi. Mvua ya Januari haichoki. Dada mzima, shemeji mzima, wanakusalimu sana. Ulanzi nilikaribishwa, nikashukuru, nikaomba chai.

Sasa nikujibu lile uliloniuliza kwenye simu, kama kompyuta yako ya nyumbani uitupe kwa sababu imekuandikia kwamba Windows 10 imefika mwisho. Ya shemeji ilikuwa na ugonjwa huohuo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ingawa kuna nyongeza ya mwaka mmoja kwa anayejiandikisha, safari yenyewe imekwisha. Windows 11 nayo inabagua: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel kwa kawaida inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Ya shemeji ni Core i3 ya kizazi cha 5, RAM GB 4. Mashine nzima, kioo hakina hata mchubuko, lakini kwa sheria za huko juu ni chakavu.

Miaka yote dawa ilikuwa moja: kuipeleka kwa fundi aipige Windows upya. Unaijua hiyo Windows ya fundi, imechakachuliwa, programu ya kuvunjia leseni imo ndani yake, na baada ya miezi mashine inaanza kukohoa tena. Safari hii shemeji alikataa. Ni mwalimu mstaafu, na akishakataa jambo amekataa. Nilikuwa nimekuja na Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows, kwenye flashi, tukaketi nayo jikoni karibu na moto.

Linux si mgeni kwetu. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, toleo la Linux, na kwa miaka kadhaa CD zake zilikuwa zikitumwa bure kwa posta duniani kote. Mint imejengwa juu ya hiyo Ubuntu. Na mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Nasikitika kwamba kazi ile haikupata warithi wa kutosha. Kiswahili ndani ya Mint bado ni cha vipande vipande, menyu moja inakusemesha Kiswahili, inayofuata Kiingereza. Shemeji aliamua abaki na Kiingereza chote kuliko kuchanganyiwa.

Jambo zuri ni kwamba unaionja kwanza. Unachomeka flashi, unawasha mashine huku ukibonyeza F12 kwenye mashine nyingi (kwenye HP ni F9), na Mint inafunguka ikiwa bado kwenye flashi, Windows yako haijaguswa. Kioo kikafunguka, sauti ikatoka, Wi-Fi ikagoma. Hilo ni la kawaida kwa kadi za Broadcom. Tukaunganisha simu kwa waya wa USB, kompyuta ikapata intaneti ya simu, tukafungua sehemu ya madereva, ikajitafutia yenyewe inachokosa. Baada ya hapo ndipo shemeji aliposema, "Haya, weka." Ukifika hapo na ukachagua kufuta diski nzima, ujue Windows inafutwa na vyote vilivyomo. Sisi mafaili yalikuwa yameshahamishwa.

Kesho yake dada akaja na flashi aliyotoka nayo kwenye steshenari ya mjini. Yeye ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, hesabu zote za hisa na mikopo zimo humo. Unakifahamu kile kirusi kinachogeuza kila folda kuwa shotikati? Kilikuwemo. Kwenye Windows angekuta shotikati tupu na roho ingemruka. Kwenye Mint folda zake zilionekana kama zilivyo, kwa sababu kirusi kile huwa kinazificha tu, na maficho yake ni ya Windows. Shotikati nazo zilikuwa pale kama takataka, tukazifuta. Faili la Excel likafunguka kwenye LibreOffice inayokuja na Mint, jumla zote zilezile. Barua za Word ndizo zilizosogea kidogo, aya ikarukia ukurasa wa pili, maana fonti hazikuwa zile. Barua ya kuchapishwa mjini sasa anaihifadhi kwanza kama PDF.

Kinachonivutia zaidi ni bando. Mint inakuonyesha masasisho na ukubwa wake, nawe ndiye unayeamua leo au siku ya ofa ya usiku. Windows nayo unaweza kuizuia ukiieleza kwamba intaneti yako ni ya kupimiwa, lakini nani aliwahi kutuambia? Shemeji alikuwa akinunua GB anakuta zimeliwa kabla hajafungua hata gazeti.

Nisikupambie, mashine haijawa mpya. Diski ni ileile ya kuzunguka, na kuwaka inachukua muda wa kumenya viazi viwili. Ukitaka ikimbie, nunua SSD, hiyo ndiyo pesa yenye maana, halafu chagua Mint ya Xfce ambayo ni nyepesi.

Kwa hiyo ya nyumbani ibadilishe. Watoto wanahitaji kivinjari cha kuangalia matokeo na kuomba mkopo wa chuo, wewe unahitaji kuandika barua na kusikiliza taarabu, vyote vipo. Ya steshenari yako usiiguse, maana Photoshop haina toleo la Linux, na wateja wa pasipoti saizi hawatakusubiri ujifunze programu nyingine. Nitakuja Tanga na Mint mkononi. Tafuta flashi ya GB 8, na picha za harusi zihamishie kwenye diski ya nje kabla sijafika.

Wasalaam,
Kaka yako, Yakobi, Njombe