Kata ngapi zinatosha?

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za Linux na seva, tuzungumze kuhusu kata. Sina maana ya kata inayosimamiwa na chifu, wala kata ya kuchotea maji mtungini. Nazungumzia kata za karate, yaani ule mfululizo wa ngumi, mateke, kinga na hatua uliopangwa toka zamani, ambao mwanafunzi huufanya peke yake kana kwamba amezingirwa na maadui. Mliozoea kuja hapa kwa ajili ya programu msikimbie. Tutafika huko pia.

Swali lenyewe ni hili: mwanafunzi wa karate ajifunze kata ngapi, na katika hizo azimiliki ngapi? Watu hulichukulia kama swali moja, kumbe ni maswali mawili.

Siku za Jumamosi huwa nasaidia kufundisha watoto katika ukumbi mmoja hapa Nairobi. Mtindo wetu ni Shotokan. Muhula uliopita mzazi mmoja alinijia kabla ya mazoezi, uso umekunjamana. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa bado kwenye Heian Nidan, kata ya pili, na tulikuwa tumesema asubiri kidogo kabla ya mtihani wa mkanda. Binamu yake, anayefanya mazoezi kwingine, alikuwa ameshafika kata ya tano.

"Mwalimu, mimi nalipa ada kila mwezi. Yule ana kata tano, huyu wangu mbili. Shida ni mtoto, au ni nyinyi?"

Lilikuwa swali la haki. Ada si pesa kidogo, na anayelipa ana haki ya kujua analipia nini. Nikamwomba dakika tano tu. Nikamwita kijana, nikamwambia afanye Heian Shodan, ile ya kwanza kabisa, yenye miondoko 21. Akaifanya vizuri, bila kusita. Mama akanitazama kama anayesema, "Si unaona?"

Nikamwambia mtoto airudie, lakini safari hii aanze akiwa ametazama ukuta wa nyuma. Siku zote huanza akitazama madirisha. Alipofika mgeuko wa tatu akasimama, akaanza kuyatafuta madirisha kwa macho. Miguu yake ilikuwa imekariri ukumbi, haikuwa imekariri kata. Kisha nikamshika kifundo cha mkono wa kulia, nikamwambia anionyeshe mwondoko wa nne, pale mkono unapovutwa nyuma na kurudi kama nyundo. Moja ya maelezo ya kawaida ya mwondoko huo ni kwamba unajinasua kwa mtu aliyekukamata. Mtoto akaniangalia tu.

"Kwa hiyo hata hizo mbili hana?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Anazo, Mama. Amezikariri. Sasa ndiyo tunaanza kumfundisha."

Akasema atatupa muhula mmoja zaidi. Nilishukuru, maana wengine huondoka bila hata kuuliza.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria sana swali lake, kwa sababu hata historia ya karate yenyewe haina jibu moja. Funakoshi Gichin, aliyeitoa karate Okinawa na kuifundisha Tokyo kuanzia 1922, ameandika kwamba zamani kata moja ilitengewa kama miaka mitatu, na kwamba hata mtaalamu alijua kata tatu, au tano kwa wingi. Yeye mwenyewe alitumia miaka kumi kwenye Tekki tatu, ambazo wakati huo ziliitwa Naihanchi. Uechi Kanbun alirudi Okinawa kutoka China na kata tatu tu, na mtindo mzima wa Uechi-ryu ukajengwa juu ya hizo. Leo una nane, tano zikiwa zimeongezwa baadaye.

Lakini upande wa pili nao upo. Funakoshi huyo huyo katika kitabu chake cha 1935 alieleza kata 15. Shotokan ya leo kwa kawaida huhesabiwa kuwa na 26. Goju-ryu wana 12. Shito-ryu, mtindo wa Mabuni Kenwa, wana zaidi ya 50. Nayo orodha ya shirikisho la karate la dunia kwa ajili ya mashindano ina kata 102! Halafu kuna Otsuka Hironori, mwanzilishi wa Wado-ryu, ambaye uzeeni alishikilia kata tisa tu na kuona zinatosha.

Sasa hebu tufanye hesabu, maana mimi ni mtu wa tarakilishi na bila hesabu silali.

Mtu mzima mwenye kazi na familia hufika mazoezini mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Hizo ni saa tatu. Ondoa mazoezi ya viungo, ya msingi na ya kupambana, kata zitabaki na kama saa moja. Kata moja, pamoja na kupumua na kusahihishwa, tuipe dakika mbili. Kwa hiyo kwa wiki una marudio 30, na kwa mwaka wa wiki 50 una 1,500.

Ukiyagawa kwa kata 26, kila moja inapata marudio kama 58 kwa mwaka, yaani mara moja na kidogo kwa wiki. Hapo hujifunzi kitu, unajaribu tu usisahau. Ukiyagawa kwa kata tatu, kila moja inapata 500. Saa ni zile zile, jasho ni lile lile. Wahenga walishasema, mshika mbili moja humponyoka, nao hawakuwa wamemwona mshika ishirini na sita.

Katika fani yetu tunawajua watu wa aina hii. Kuna kijana atakuja kwenye usaili na lugha kumi za programu kwenye wasifu wake, lakini ukimwomba aandike kitanzi kidogo bila kutazama mtandaoni, anatafuta madirisha kama yule mtoto. Dave Thomas, mmoja wa waandishi wa kitabu The Pragmatic Programmer cha 1999, ndiye aliyeliazima neno kata na kulileta kwetu: zoezi dogo la kuandika msimbo, unalolirudia tena na tena kwa njia mbalimbali. Faida haimo katika kulimaliza. Imo katika yale unayoyaona mara ya nane ambayo hukuyaona mara ya kwanza.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kata nyingi ni upuuzi. Mwanamichezo wa kata anahitaji akiba. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, ambapo Kiyuna Ryo wa Okinawa na Sandra Sánchez wa Hispania walichukua dhahabu, mtu hakuweza kupanda na kata ile ile moja toka raundi ya kwanza hadi fainali. Mwalimu naye lazima ajue nyingi, kwa sababu wanafunzi hawafanani: mwepesi atajipata katika Empi, na mwenye subira atapenda Hangetsu yenye mwendo wa polepole. Na kata ambayo hakuna anayeifanya hupotea, kama programu ambayo hakuna anayeitunza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Hadi mkanda mweusi, jifunze zile ambazo mtindo wako unadai. Kwa Shotokan katika klabu nyingi ni Heian tano, Tekki Shodan, na moja kubwa kama Bassai Dai. Hizo saba zitakufundisha njia. Katika hizo, chagua moja iwe yako, ambayo unaweza kuianza ukitazama upande wowote, kuigeuza kulia kwa kushoto, na kumweleza mwenzako kila mkono unafanya kazi gani huku amekushika kweli. Nyingine mbili ziwe zinafuata nyuma yake. Ukipata muda zaidi, ongeza. Usipopata, usiongeze.

Mimi yangu ni Tekki Shodan. Huenda pembeni tu, kulia na kushoto, wala haihitaji uwanja. Naifanya usiku kwenye korido ya nyumba watoto wakishalala. Huu ni mwaka wa sita, na wiki iliyopita nimegundua jambo jipya kuhusu goti langu la kushoto.

Na wewe, ukiamshwa saa tisa za usiku, unayo ngapi?