Barua kutoka Basel: Wa Chini Alitoa Fungu Kubwa

Ndugu zangu wa Malindi,

Huku Basel, Uswisi, ni kiangazi, na jioni watu wakitoka kazini hufunga nguo kwenye mfuko usioingia maji, wakajitosa mtoni, mkondo ukawachukua kuelekea makwao. Mto wenyewe ni Rhine. Ukiwaambia vijana kwamba zamani uliitwa mtaro wa majitaka wa Ulaya, watadhani unawatania.

Wazee wanakumbuka. Tarehe 1 Novemba 1986, usiku, ghala la kampuni ya kemikali ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, nje kidogo ya mji. Moto ulizimwa, lakini maji ya zimamoto yakasomba dawa za kuulia wadudu na zebaki hadi mtoni. Rhine ikawa nyekundu. Mikunga wakafa kwa maelfu, Wajerumani wakapata msiba wa moto ambao hawakuuwasha wao.

Tume ya nchi za bonde la Rhine ilikuwapo tangu 1950, ila kwa muda mrefu ilipima uchafu zaidi ya kuuzuia. Baada ya moto, mwaka 1987 mawaziri walipitisha mpango wa mto mzima, na lengo lake angelielewa mvuvi yeyote: salmoni arudi kufikia mwaka 2000. Samaki huyu hutoka baharini akapanda mto kwenda kutaga, kwa hiyo kusafisha kipande kimoja tu hakumsaidii.

Lakini mimi kilichonishangaza ni habari ya chumvi. Migodi ya potasi ya Alsace, Ufaransa, ilikuwa ikimwaga chumvi mtoni, nao Waholanzi walioko mwisho wa mto wakaiona kwenye maji ya kunywa na kwenye mboga zao. Mkataba wa 1976 uligawa gharama za kuipunguza: Uholanzi asilimia 34, Ufaransa na Ujerumani 30 kila mmoja, Uswisi 6. Aliyechafuliwa alitoa fungu kubwa kuliko mchafuzi!

Nasikia mnavyoguna. Maji ya Baricho mnayokunywa hutoka kando ya Mto Sabaki, na Sabaki ni ule ule Athi uliopokea Mto Nairobi na yote yaliyotupwa humo. Sasa Malindi iilipe Nairobi iache kutupa taka? Hata mimi nisingetoa shilingi. Ila Waholanzi hawakufungua mkoba tu. Mwaka huo huo wa 1976, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba aliyeumizwa anaweza kumshtaki mchafuzi hata katika mahakama ya kule madhara yalikotokea. Mkulima wa Uholanzi hakulazimika kwenda kubembeleza hakimu wa Ufaransa. Mkono mmoja pesa, mkono mwingine kesi. Mimi ningeanza na kesi. Nao wenye viwanda na miji, tofauti na mambo ya chumvi, waliwekewa sheria kali na wakajilipia wenyewe mitambo ya kusafisha majitaka.

Salmoni, mtauliza? Wamerudi, wachache. Mabwawa ya umeme ndiyo yanayowakwamisha. Iffezheim walijengewa njia ya kupandia mwaka 2000, Gambsheim 2006, kisha Strasbourg na Gerstheim. Kutoka hapo kuja Basel bado kuna kuta, na kila njia ya samaki inagharimu mamilioni ya yuro, basi vikao vinaendelea.

Nisalimieni wavuvi wa Mambrui.