Maonyo ya Kompaila

Onyo si adhabu, wala si amri. Ni neno la mwenye kuliona jambo kabla halijatokea, na hiari ya kulisikia au kulipuuza hubaki kwa yule aliyeambiwa. Nataka, msomaji, tulitazame onyo la namna moja ambalo kijana yeyote atakayeshughulika na kompyuta hana budi kukutana nalo, nalo ni onyo la kompaila.

Kompaila ni programu ifanyayo kazi ya mkalimani. Mwanadamu huandika maagizo kwa lugha awezayo kuisoma, kama vile lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliibuni huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mashine haiyajui maneno hayo. Yajua tarakimu tu. Kompaila huyasoma maagizo ya mwanadamu, huyapima, kisha huyageuza yawe maagizo ya mashine. Maandishi ya mwanadamu ndiyo huitwa msimbo chanzo. Programu nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha kugeuzwa, kama unga wa dukani. Nyingine hutolewa pamoja na msimbo chanzo wake, nasi tukipenda twaweza kuzijenga wenyewe, kama mtu apelekaye mahindi yake kusagwa naye amesimama papo hapo akitazama. Mtu huyo huziona hata changarawe.

Changarawe hizo huonekana mara tu ujenzi unapoanza. Mistari hupanda mbio katika kioo cha kompyuta, na ndani yake mna habari za aina mbili. Ya kwanza ni kosa. Kosa hukomesha kazi, kwa kuwa kompaila haikuelewa ilichoambiwa au imekatazwa kukikubali. Ya pili ni onyo. Onyo haliizuii kazi. Programu hujengwa mpaka mwisho, na pengine huendeshwa vema siku hiyo. Ndiyo sababu watu wengi hulidharau.

Chukua mfano mmoja. Katika lugha ya C, alama mbili za sawasawa, yaani ==, huuliza swali: je, hiki ni sawa na kile? Alama moja, yaani =, huamuru: hiki na kiwe sawa na kile. Mwandishi akitaka kuuliza kama idadi ni sifuri, kisha kidole kikateleza akaandika alama moja, atakuwa ameifanya idadi kuwa sifuri bila kujua. Sentensi yake haina kasoro ya sarufi, kwa hiyo kompaila haina haki ya kuikataa. Lakini kompaila njema hushuku, nayo husema, kwa maana, "Je, hivi ndivyo ulivyokusudia?" Hilo ndilo onyo. Mashine yaweza kushuku, bali nia ya mwandishi haiijui. Mwanadamu peke yake ndiye awezaye kulijibu swali hilo.

Basi mtu ayajibu vipi maonyo yanapofika mamia? Mimi huyahifadhi yote katika faili kwanza, ili yasinipite kama maji ya mto. Kisha huanza na la juu kabisa, kwa sababu aghalabu chanzo kimoja huzaa maonyo mengi, na ukilitatua la kwanza, kumi yaliyo chini yake hutoweka. Kila onyo hutaja jina la faili, nambari ya mstari, na mara nyingi jina la onyo lenyewe. Nenda kwenye mstari huo, usome na mistari iliyoutangulia, wala usibadili neno mpaka uweze kueleza kwa kinywa chako kwa nini onyo limetokea.

Pia yafaa kuuliza umri wa kifurushi na umri wa kompaila. Msimbo wa zamani ukijengwa kwa kompaila mpya huonywa kwa mambo ambayo zamani hayakuonywa. Toleo la 14 la kompaila ya GCC, lililotoka mwaka 2024, liliyageuza baadhi ya maonyo ya lugha ya C kuwa makosa. Kwa mfano, kuita kazi ambayo haijatangazwa. Vifurushi vilivyokuwa vikijengwa kwa miaka mingi huku vikinung'unikiwa vilikataliwa ghafula. Dalili ya mvua ni mawingu. Onyo la jana laweza kuwa kosa la leo.

Usiposikia onyo lolote, usifikiri kuwa hakuna hatari. Kompaila husema kwa kadiri ilivyoruhusiwa kusema. Ipo amri iitwayo -Wall, ambayo jina lake ladai kuyaleta maonyo yote, walakini si yote. Mwezi wa Februari mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya kasoro kubwa katika programu yake ya kuhakiki mawasiliano ya siri. Mstari mmoja, "goto fail;", ulikuwa umeandikwa mara mbili. Ule wa pili haukufungwa na sharti lolote, kwa hiyo ukaguzi uliokuwa chini yake ulirukwa daima, na mdanganyifu angeweza kukubaliwa kama mwaminifu. Liko onyo liwezalo kutaja msimbo usiofikika kama huo, lakini halimo katika -Wall. Sharti uliombe kwa jina.

Hatari ya kutosikia ni kubwa, lakini ipo nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni kusikia kisha kulinyamazisha onyo. Debian ni mfumo huria wa kompyuta unaojengwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Mwaka 2006 mmoja wao alipata maonyo katika kifurushi cha OpenSSL, kitengenezacho funguo za siri. Hayakutoka kwa kompaila, bali kwa chombo cha ukaguzi kilicho jamaa yake, kikisema kuwa kumbukumbu fulani inatumika kabla ya kutiwa thamani. Mtu huyo hakuwa mzembe. Aliwauliza wenzake kwanza. Kisha mistari miwili ya msimbo ilizuiwa isitende kazi, na maonyo yakanyamaza. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa mlango wa kuingizia nasibu, ambayo ndiyo uhai wa ufunguo wa siri. Tangu hapo funguo zilitegemea nambari ambayo mfumo huipa programu inapoendeshwa, hata kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, katika mashine za namna moja, funguo zilizowezekana hazikuzidi 32,768. Mwizi angeweza kuzijaribu zote. Jambo hilo lilitangazwa Mei 2008, na watu wengi duniani wakalazimika kuzitupa funguo zao na kutengeneza mpya. Kwa muda wa karibu miaka miwili kila kitu kilikuwa kimya, na ukimya ulidhaniwa kuwa ni usalama.

Sisemi kwamba kila onyo ni la kweli. Mengine ni shaka tupu, na kulifunga onyo ulilolielewa si dhambi. Lakini andika kando yake sababu ya kulifunga, ili ajaye baada yako aipime. Na ikiwa kifurushi si chako, wapelekee wenyewe habari kabla ya kukata kitu. Msimbo usioufahamu ni kama dawa ya mgonjwa wa mwenzio: usiipunguze kwa sababu tu ni chungu.

Msomaji, programu utakayoijenga yaweza kulinda fedha za mjane au siri ya mgonjwa, nao hawatayaona kamwe maonyo uliyoyaona wewe. Yasome kwa niaba yao.